BIM si bimu ya zege: modeli ya taarifa za jengo na huduma ya uchoraji ramani

Ukilitamka neno BIM mbele ya mafundi wa zege, wengi watadhani unazungumzia bimu, yaani boriti inayobeba slabu, na watakuuliza ina nondo ngapi za milimita 16. Mkanganyiko huo wa saiti hauna hasara kwa mtu. Wenye hasara ni ule wa ofisini, pale mwenye mradi anapoonyeshwa picha ya jengo lake likiwa na miti, magari na vivuli vya jioni, akalipia kitu kinachoitwa BIM, kisha siku ya kumwaga zege akagundua kwamba alichonunua kilikuwa picha. Herufi hizo tatu ni kifupisho cha Kiingereza cha uundaji wa modeli ya taarifa za jengo, na neno lenye uzito katika jina hilo ni taarifa. Ili tusipotezane, ile ya zege nitaiita boriti tangu hapa hadi mwisho.

Njia nyepesi ya kulielewa jambo hili ni kuanzia mahali linapouma, nami nachagua korido ya zahanati ya ghorofa moja, kwa sababu juu ya dari ya korido ndiko kila mtaalamu anakopenda kupitisha vitu vyake. Tuseme kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni milimita 3,300, na slabu ina unene wa milimita 150. Mhandisi wa miundo ameweka boriti zenye kina cha milimita 600, slabu ikiwamo, hivyo tumbo la boriti, yaani uso wake wa chini, liko milimita 2,700 kutoka sakafuni. Mbunifu majengo ameweka dari ya jipsamu kwenye milimita 2,600. Mhandisi wa viyoyozi amechora mkato wa korido, yaani korido ikionekana kama iliyokatwa kwa kisu kutoka juu hadi chini, akaona kuwa kati ya slabu na dari kuna milimita 550, akapitisha hapo mfereji wa hewa wa bati wenye upana wa milimita 500 na kimo cha milimita 300, uliovikwa kizuia joto cha milimita 25 kila upande. Mfereji umeenea na nafasi imebaki. Tatizo ni kwamba mkato wake ulipita mahali pasipo na boriti. Mita mbili mbele boriti ipo, na kati ya tumbo lake na dari zimebaki milimita 100 tu, ilhali mfereji unadai 350. Juu ya hayo, vyoo vya ghorofani vina bomba la majitaka la milimita 110 linalotakiwa kwenda kwa mwinamo wa 1 kwa 80; katika urefu wa mita 12 bomba hilo linashuka milimita 150, na majitaka hayapandi mlima kwa kumwonea huruma mchoraji.

Chukua mchoro mmoja mmoja na hutaona kosa. Mhandisi wa miundo yuko sahihi, wa viyoyozi yuko sahihi, na mbunifu majengo yuko sahihi. Kosa limekaa katikati ya karatasi nne, mahali pasipo na mwenyewe, na kwa utaratibu wa zamani anayeliona kwanza ni foromani akiwa juu ya jukwaa, mfereji ukiwa umeshakunjwa karakanani na zege likiwa limeshakauka. Hapo ndipo tindo na nyundo hutolewa. Mtu anachimba tumbo la boriti ili bomba lipite, anakata ringi mbili zinazozifunga nondo, anagusa na nondo za chini, ambazo katikati ya boriti ndizo hasa zinazobeba nguvu ya kuvutwa, kisha plasta inafunika yote. Kazi ya BIM, ukiondoa mapambo yake, ni kuuhamisha ugomvi huo kutoka juu ya jukwaa kuupeleka mezani, miezi kadhaa kabla, wakati kusogeza boriti ni suala la kubofya na kukokotoa upya.

Kwa nini michoro ya kompyuta, tuliyo nayo miaka mingi, haikulimaliza tatizo hilo? Kwa sababu kwa muda mrefu kompyuta ilikuwa meza ya kuchorea yenye umeme. Ivan Sutherland alionyesha uchoraji wa kompyuta katika chuo cha MIT mwaka 1963, na programu ya kuchorea ya AutoCAD ilipotoka mwaka 1982 ofisi nyingi za dunia zilianza kuachana na kalamu za wino na karatasi za kunakilia. Hata hivyo mstari ulibaki mstari. Mlango katika mchoro wa aina hiyo ni mstari mmoja na robo ya duara. Kompyuta haijui kuwa huo ni mlango, sembuse kujua kuwa ni wa mbao au una kufuli. Wazo la pili lilikuwapo mapema: mwaka 1975 Charles Eastman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, aliandika kuhusu mfumo ambao ndani yake jengo lingeelezwa kwa vitu vyake vyenyewe, na michoro yote ingetolewa humo, hivyo badiliko likifanywa mara moja lingeonekana kila mahali. Kompyuta za wakati ule hazikuumudu mzigo huo. Programu zenye wazo hilo zilikuja baadaye: kampuni ya Graphisoft ya Budapest iliileta ArchiCAD katika miaka ya 1980, na Revit ikatoka mwaka 2000, ikanunuliwa na Autodesk, wenye AutoCAD, mwaka 2002.

Rudi kwenye zahanati. Daktari anasema mlango wa wodi wenye upana wa milimita 900 haupitishi kitanda, uwe wa 1,200. Kwa michoro ya mistari, mchora ramani anaubadilisha kwenye ramani ya sakafu, kwenye mkato, kwenye mwonekano wa ukuta na kwenye jedwali la milango, na mkadiriaji majenzi anapaswa kukumbuka kuubadilisha kwenye orodha ya gharama. Akisahau mahali pamoja, fremu inakuja saiti ikiwa fupi. Katika modeli, mlango ni kitu kimoja chenye upana, kimo, aina ya mbao, muda wa kuhimili moto na namba yake. Ramani, mkato na jedwali ni madirisha tu ya kukitazama kitu hicho hicho, kwa hiyo ukiubadilisha mahali pamoja vyote vinafuata. Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji wa programu hawapendi kulitaja. Linta iliyo juu ya mlango huo imo katika modeli ya mhandisi wa miundo, si ya mbunifu majengo, nayo haitarefuka yenyewe. Kwa kawaida kila mtaalamu ana modeli yake, na zote huunganishwa kwa vipindi ili zikaguliwe pamoja. Badiliko la mlango lisipofika kwa mhandisi katika kipindi hicho, tumerudi kulekule kwenye kosa lisilo na mwenyewe.

Ukaguzi huo wa pamoja ndio watu huuita kutafuta migongano, na unafanywa kwa programu kama Navisworks au Solibri. Modeli nne zinapachikwa mahali pamoja, programu inatafuta kila sehemu ambapo kitu kimoja kimeingia ndani ya kingine, au kimekisogelea kuliko inavyotakiwa, mfano swichi kuu ya umeme isiyoachiwa nafasi ya fundi kusimama mbele yake. Mara ya kwanza orodha inaweza kutoka na migongano maelfu, na asiyezoea huishiwa nguvu. Mingi ni ya kipuuzi: bomba linagusa kizuia joto chake, taa imeingia kwenye dari kwa makusudi. Mratibu mzuri huanza kwa kuondoa takataka hizo, kisha anapanga iliyobaki kwa kuuliza nani hawezi kusogea. Majitaka hayasogei kwa sababu ya mwinamo, hivyo hupewa njia kwanza. Mifereji mikubwa ya hewa hufuata. Mabomba ya maji safi yenye msukumo yanaweza kukunja kona. Nyaya za umeme hupita palipobaki. Huu ni utaratibu wa akili ya ujenzi, hakuna programu iliyoubuni.

Kwenye korido yetu, suluhisho linaweza kuwa hivi. Bomba la kushushia majitaka linasogezwa karibu na vyoo ili lile la mlalo lisivuke boriti yoyote. Mfereji unabanwa: kutoka upana wa 500 na kimo cha 300 unakuwa upana wa 750 na kimo cha 200, eneo la ndani likibaki milimita za mraba 150,000, ingawa mhandisi analazimika kuikagua upya feni, kwa kuwa mfereji mpana na mfupi una msuguano zaidi. Ukiongeza kizuia joto, kimo kinakuwa 250. Dari ya korido inashushwa hadi milimita 2,350, na mbunifu majengo ananung'unika kidogo. Kati ya tumbo la boriti na uso wa dari sasa kuna 350. Ondoa 50 za jipsamu na fremu zake, ondoa 250 za mfereji, zinabaki 50 za kufanyia kazi. Mazungumzo hayo yanaweza kuchukua dakika ishirini. Juu ya jukwaa yangechukua wiki tatu na barua za kudai muda wa nyongeza.

Sasa tuje kwenye huduma ya uchoraji, ambayo ndiyo mlango ambao ofisi nyingi ndogo huingilia kwenye BIM. Mbunifu mwenye wasaidizi wawili hawezi kuajiri watu wa kuunda modeli za kila fani mwaka mzima, kwa hiyo anazinunua kwa kazi. Kampuni nyingi za Marekani na Uingereza hupeleka kazi hiyo India, wakituma michoro jioni na kuipokea ikiwa modeli. Kinachouzwa chini ya jina hilo moja ni vitu vinavyotofautiana sana. Ipo kazi ya kuchukua ramani za karatasi au za PDF na kuzichora upya. Ipo ya kuchukua wingu la nukta kutoka skana ya leza, iliyopima jengo la zamani, na kulijenga tena ndani ya kompyuta. Ipo michoro ya karakana, inayomwambia fundi wa bati akunje wapi na kwa kipimo gani, na majedwali ya kukunja nondo, ambamo kila nondo ina alama, idadi, urefu na umbo lake. Ipo pia ya kuchora jengo kama lilivyojengwa hasa, baada ya kazi kwisha, ambayo hulipwa vibaya kuliko zote na ndiyo mwenye jengo ataihitaji muda mrefu kuliko zote.

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuagiza "modeli ya BIM ya jengo" bila kusema iende kina kipi. Upo mfumo wa viwango vya ukuzaji, ambao Taasisi ya Wasanifu wa Marekani iliuingiza katika waraka wake wa mkataba mwaka 2008, unaokwenda kwa namba 100, 200, 300, 400 na 500, na baadaye ikaongezwa 350. Sinki la zahanati linatosha kuueleza. Kwenye 100 tunajua tu kwamba chumba hiki kitakuwa na sinki. Kwenye 200 lipo umbo linalokaribia sinki, mahali panapokaribia kuwa penyewe. Kwenye 300 vipimo na mahali ni vya kweli, unaweza kupima kutoka ukutani. Kwenye 350 yamo na maungio yake: bomba linaingilia wapi, mabano yamefungwa wapi ukutani. Kwenye 400 lina kila kitu cha kulitengenezea na kulifunga. Namba 500 ni habari nyingine kabisa, kwani haimaanishi urembo zaidi. Inamaanisha kuwa mtu alikwenda saiti akahakikisha.

Kiwango hicho ni cha kitu kimoja kimoja, wala hakuna jengo zima lililo kwenye 300. Kwa migongano ya korido unahitaji mifereji na mabomba yafike 350, ilhali sinki likibaki 200 halimdhuru mtu. Nimeona modeli ambazo sinki lina bomba la kromu linalong'aa hadi skrubu zake, na faili limekuwa zito kiasi cha kompyuta ya mhandisi kuganda, lakini boriti zote zimewekwa kwa kukisia. Mchoraji alifuata alichoagizwa, na hakuwa ameagizwa chochote mahususi.

Kosa la pili ni sifuri. Mbunifu majengo ameanza kuhesabu urefu kwenye sakafu yake ya chini, kwake hapo ni 0. Mpimaji ardhi ametumia urefu kutoka usawa wa bahari. Mhandisi amechora kwa milimita na mwenzake kwa mita. Modeli zikipachikwa pamoja, msingi unaelea angani kama kishada, na wiki nzima inapotea kutafuta nani ahame. Dawa yake ni ya dakika chache, ikitolewa mapema: faili tupu lenye nukta moja ya mwanzo, gridi za nguzo na usawa wa kila sakafu, ambalo kila mmoja analichukua kabla hajachora ukuta wa kwanza. Mpe faili hilo pia mchora ramani wa nje, kwa sababu yeye ndiye asiyekuwa kwenye vikao.

Kosa la tatu ni la faili lenyewe. Faili la Revit lililohifadhiwa katika toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani, hivyo mkataba wa huduma useme toleo gani. Pamoja nalo, idai nakala ya IFC, muundo wa wazi ambao si mali ya muuzaji yeyote wa programu na ambao ni kiwango cha kimataifa, ISO 16739, tangu mwaka 2013. IFC inabeba vitu na taarifa zake kutoka programu moja kwenda nyingine, japo kuhariri jengo ndani ya IFC ni sawa na kuhariri barua iliyokwisha kupigwa chapa. Kwa hiyo unazihitaji zote mbili, ya kufanyia kazi na ya kuhifadhi.

Wakadiriaji majenzi huambiwa kwamba modeli itawahesabia kila kitu. Itahesabu, lakini itahesabu kilichochorwa, jinsi kilivyochorwa. Chukua boriti yenye upana wa milimita 300 na kina cha 600, iliyochorwa hadi katikati ya nguzo ya milimita 300 kwa 300, bila viwili hivyo kuunganishwa ipasavyo. Kila ncha ya boriti imeingia ndani ya nguzo milimita 150, na zege la hapo limehesabiwa mara mbili: mita za ujazo 0.027 kwa ncha moja, 0.054 kwa boriti. Boriti zikiwa 100 ni mita za ujazo 5.4, karibu ya kujaza lori la zege, na zege hilo halipo popote duniani. Upande wa pili, nondo mara nyingi hazimo kwenye modeli kabisa, wala mbao za kupigia zege, wala udongo wa kuchimbwa. Mkadiriaji anayeichukua namba ya kompyuta bila kuuliza ilivyochorwa anaweka jina lake kwenye kazi ya mtu asiyemjua.

Hapo ndipo penye fundo la suala zima, nalo ni nani anayewajibika. Tanzania wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao ya usajili, wahandisi wana yao na makandarasi wana yao. Muhuri unaogongwa kwenye mchoro ni wa mtu aliyesajiliwa, na mchora ramani wa kukodi, awe Sinza au Chennai, hana muhuri huo. Anaweza kuunda modeli nzuri ajabu huku akiwa ameibadilisha boriti ili "ipendeze", na mhandisi akasaini bila kuona. Viwango vya ISO 19650, ambavyo sehemu zake mbili za kwanza zilitoka mwishoni mwa 2018, vimejengwa juu ya hofu hiyo. Havisemi sana kuhusu programu. Vinasema mwenye mradi aandike mapema ni taarifa zipi anazitaka na za kazi gani, watoa huduma waandike watazitoaje, na mafaili yote yakae mahali pamoja, kila moja likiwa na hali inayojulikana: linafanyiwa kazi bado, limetolewa kwa wenzake walione, limeidhinishwa litumike, au limewekwa kumbukumbu. Vimetokana na uzoefu wa Uingereza, ambako serikali ilitangaza mwaka 2011 kwamba kufikia 2016 miradi yake ya ujenzi ingetumia BIM. Hata ofisi ya watu watatu inaweza kutengeneza folda nne zenye hali hizo na kukataza mtu kujenga kwa faili lisilo kwenye folda ya tatu. Gharama yake ni nidhamu.

Je, kila ujenzi unahitaji haya? Nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni yenye bafu moja na paa la bati inajengwa vizuri kwa ramani safi, fundi mwaminifu na mhandisi anayefika siku ya msingi na siku ya linta. Kuilipia modeli ya fani nne ni kuua mbu kwa rungu. Hospitali, hoteli, kiwanda, jengo lenye lifti na viyoyozi, hapo hesabu inageuka. Na hata huko, modeli haipimi ubora wa kokoto, haizuii mtu kuongeza maji kwenye zege, haiwezi kumkatalia mwenye jengo anayeamua kuongeza ghorofa usiku wa manane. Saiti bado watu hutembea na karatasi ya A3 iliyolowa jasho, na kama karatasi hiyo ni ya mwezi uliopita, modeli ya leo haina faida kwao.

Zahanati imefunguliwa, miaka minane imepita, na maji yanavuja juu ya dari ya korido saa tatu usiku. Fundi bomba anataka kufunga koki. Kama modeli ya mwisho ilikabidhiwa, mtunza jengo anafungua kompyuta, anabofya bomba, anaambiwa koki iko juu ya dari, mita 1.2 kutoka mlango wa maabara. Fundi anapanda ngazi, anafungua kigae cha dari, anamulika kwa tochi ya simu, na koki haipo. Wakati wa ujenzi fundi mwenzake aliisogeza mita tatu ili apate nafasi ya kuzungusha spana, jambo la busara kabisa, akamwambia foromani kwa mdomo, na foromani siku hiyo alikuwa anapokea kokoto.